Pikipiki ya Shubiri Moja

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Hesabu na Kazi za Mikono

(Kabla ya kipindi kuanza, kila darasa liwe na kamba nyembamba, rula, penseli na karatasi. Msimamizi wa darasa aandike ubaoni namba hizi tatu: 137, 65, 8.)

Natumaini ninyi nyote mlioko Sumbawanga mjini, na Laela, na Matai, na Namanyere, na wale wa Kasanga kule chini ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mmekwisha kukaa vizuri, na redio imewekwa mahali ambapo kila mtu aweza kusikia.

Somo la leo ni la hesabu. Lakini leo hatutahesabu magunia ya mahindi wala madebe ya ulezi. Leo tutaunda pikipiki.

Nasikia kama baadhi yenu mnacheka. Chekeni tu, lakini sikilizeni. Pikipiki hiyo haitabeba mtu wala mzigo. Urefu wake ni karibu shubiri moja, yaani tangu ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho, mkono ukiwa umenyooshwa. Hata hivyo itakuwa na magurudumu yenye spoku, tangi, taa, injini na bomba la moshi, na kila kimoja kitakuwa na ukubwa unaostahili. Mzee aliyeendesha pikipiki ya namna hiyo ujanani akiiona mezani, ataitambua mara moja.

KICHEZEO NA MFANO

Kila mtu hapa amewahi kuona watoto wakiunda magari ya waya au ya mabua ya mahindi. Hiyo ni kazi nzuri, na mafundi wengi walianza hivyo. Lakini mtoto huunda kwa macho. Akipenda gurudumu kubwa, analifanya kubwa. Akikosa waya, gari linakuwa fupi. Kitu hicho ni kichezeo.

Mfano ni jambo lingine. Mfano ni kitu kidogo kinachofuata kitu kikubwa kwa kipimo kimoja kisichobadilika. Kipimo hicho huitwa skeli. Leo tutatumia skeli ya 1:10, nayo husomwa "moja kwa kumi". Maana yake ni kwamba kila urefu katika pikipiki ya kweli tutaugawa kwa 10.

Mimi mwenyewe nilipojaribu mara ya kwanza, nilipima magurudumu vizuri, lakini tangi nikalichonga kwa kukisia. Nilipoviunganisha, pikipiki ilionekana kama mbuzi aliyebebeshwa mzigo wa punda. Ilinibidi nilichonge tangi upya. Basi likumbukeni neno hili: skeli ni ahadi. Ukiivunja mahali pamoja tu, kazi nzima inaharibika.

KWA NINI TUHANGAIKE?

Labda mwenzetu mmoja atauliza, "Bwana Mwalimu, pikipiki ziko tele barabarani. Bodaboda zinapita mchana na usiku. Kuna haja gani ya kuunda ndogo isiyokwenda?"

Swali hilo ni la haki. Nami nitalijibu kwa kuanza na jambo la hapa kwetu Ufipa.

Mababu wa Wafipa walikuwa mabingwa wa chuma. Walijenga matanuru marefu ya udongo yaitwayo malungu, mengine yakipita urefu wa mtu mzima kwa mbali. Ndani yake waliyeyusha mawe yenye chuma kwa makaa, na hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini, bila mivukuto. Kisha chuma hicho kilisafishwa katika tanuru dogo, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Mhunzi alikifua, kikawa jembe. Katika karne ya 20 majembe ya dukani yalienea, na kazi ile ikakoma. Malungu kadhaa yamesalia nyikani hata leo, lakini mikono iliyoyawasha imekwisha kufa. Wataalamu kama Bertram Mapunda, mwanaakiolojia Mtanzania, iliwabidi wapime magofu na kuwauliza wazee ili wakusanye ujuzi ambao zamani ulikuwa kazi ya kawaida.

Pwani nako yalitokea mambo kama hayo. Zamani watu wa Lamu walikuwa na chombo cha baharini kiitwacho mtepe. Mbao zake zilishonwa kwa kamba ya nazi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 mitepe ilitoweka. Lakini kulikuwa na mifano midogo ya mtepe iliyohifadhiwa katika majumba ya makumbusho. Watu walipotaka kujua mtepe ulikuwaje, waliweza kuitazama mifano hiyo, na mwaka 2003 mtepe mzima uliundwa upya huko Unguja.

Na pikipiki je? Mwaka 1885 Wajerumani wawili, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, waliunda chombo cha magurudumu mawili chenye injini ya petroli. Fremu yake ilikuwa ya mbao, na pembeni palikuwa na magurudumu mawili madogo ya kuizuia isianguke. Wengi wanaihesabu hiyo kuwa pikipiki ya kwanza ya petroli duniani. Lakini ile yenyewe haipo. Iliteketea kwa moto mwaka 1903. Zile zinazoonyeshwa leo katika makumbusho ziliundwa baadaye kwa kuifuata.

Sasa mmeona jibu langu. Kitu cha zamani hakingoji mpaka sisi tupate nafasi. Pikipiki ya kale iliyoegemezwa nyuma ya nyumba, imeota kutu na kuku wanalala juu yake, siku moja itawekwa kwenye mizani ya mnunuzi wa chuma chakavu. Itauzwa kwa kilo. Mwenye nyumba anahitaji fedha, wala hatuwezi kumlaumu. Lakini kabla haijapelekwa mizanini, mtu mmoja anayejua kusoma rula na kuandika namba aweza kuiokoa kwa saa mbili za kupima. Mtu huyo aweza kuwa wewe.

KUOMBA RUHUSA NA KUPIMA

Usipime mali ya mtu bila ruhusa. Nenda kwa adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, naomba ruhusa niipime pikipiki yako."

"Waipima ya nini, nayo haiwaki tangu zamani?"

"Nataka kuunda mfano wake, mzee, ili hata ikiondoka, watoto waijue."

Mzee akikubali, mwambie akae karibu nawe. Wewe pima, yeye asimulie. Atakuambia kifaa hiki kiliitwaje, na kile kilifanya kazi gani. Mambo hayo rula haiwezi kukuambia.

Kwa somo la leo tumechagua pikipiki moja ya Uingereza, jina lake BSA M20. Ilitengenezwa Birmingham kuanzia mwaka 1937. Katika vita vya 1939 mpaka 1945 kiwanda cha BSA kilitoa pikipiki zaidi ya 120,000 kwa ajili ya majeshi, na nyingi kati yake zilikuwa za namna hii. Baada ya vita nyingi ziliuzwa kwa raia. Ina silinda moja tu, yenye sentimita za ujazo 496, kwa hiyo mwanafunzi anayeanza ataiweza. Ukipata pikipiki ya namna nyingine, fuata njia hii hii.

Sasa tazameni ubaoni. Namba ya kwanza ni 137. Huo ndio umbali kwa sentimita kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma. Waingereza waliupima kwa inchi, wakapata inchi 54. Inchi moja ni sentimita 2.54. Zidisha 54 kwa 2.54, utapata 137 na sehemu ndogo.

Namba ya pili ni 65. Hicho ni kipenyo cha gurudumu pamoja na tairi lake, kwa sentimita. Kama ekseli inakuzuia kupima katikati, tumia kamba. Zungusha kamba juu ya tairi mara moja, kisha ipime. Utapata karibu sentimita 204. Zidisha kwa 7, utapata 1,428. Gawanya kwa 22, utapata 65 kasoro kidogo. Hesabu hiyo hukupa kipenyo cha duara lolote, liwe la gurudumu, la chungu au la mdomo wa kisima.

Namba ya tatu ni 8. Huo ni unene wa tairi, kwa sentimita.

(Zimeni redio kwa dakika tano. Kila mwanafunzi agawanye namba hizo tatu kwa 10, kisha washeni tena.)

Haya. Wengine mmeandika 13.7 na 6.5 na 0.8. Ni sahihi kabisa. Lakini kuna njia nyepesi zaidi. Sentimita moja ina milimita 10. Kwa hiyo, katika skeli ya moja kwa kumi, kila sentimita ya pikipiki ni milimita moja ya mfano. Namba haibadiliki. Kinachobadilika ni jina la kipimo tu.

Sentimita 137 zinakuwa milimita 137.
Sentimita 65 zinakuwa milimita 65.
Sentimita 8 zinakuwa milimita 8.

Hii ndiyo sababu nimeichagua skeli hii. Anayejua kusoma rula amekwisha kumaliza nusu ya kazi.

Pimeni vivyo hivyo urefu wa tangi, kimo cha kiti, upana wa usukani, na urefu wa bomba la moshi. Kila namba iandikwe papo hapo. Usiitegemee kumbukumbu mpaka ufike nyumbani. Kisha chora pikipiki kwa upande mmoja, kwa ukubwa ule ule wa mfano. Mchoro huo utakuwa meza yako ya kazi, kwa maana kila kipande utakilaza juu yake kuona kama kinalingana.

KUUNDA

Vifaa havitoki mbali. Tafuta waya wa uzio, kopo tupu, kipande cha mbao laini ya msonobari, kandambili iliyochakaa, na waya wa breki wa baiskeli uliokatika. Utahitaji pia plaizi, kisu kikali, tupa ndogo, msasa, gundi, na chuma cha kulehemu. Kama huna chuma cha kulehemu, fundi redio wa karibu anacho. Nenda naye kwa mapatano.

Anza na magurudumu, kwa sababu ndiyo kazi ngumu, na mtu akiyaweza hayo hatakata tamaa. Kutoka katika kandambili kata pete yenye upana wa milimita 65 kwa nje. Unene wa tairi ni milimita 8 kila upande, basi toa 16 katika 65, inabaki 49. Huo ndio upana wa tundu la ndani. Lisugue tairi kwa msasa mpaka liwe la mviringo kama la kweli. Rimu iunde kwa waya uliopindwa kulizunguka gogo dogo lenye kipenyo hicho cha 49.

Sasa spoku. Pikipiki nyingi za zamani za Uingereza zilikuwa na spoku 40 katika kila gurudumu. Spoku ya kweli ina unene wa karibu milimita 3, hivyo ya mfano yatakiwa iwe na sehemu 3 za kumi za milimita. Waya wa namna hiyo utaupata wapi? Ufumue ule waya wa breki. Ndani yake mna nyuzi nyembamba za chuma zenye unene wa karibu kiasi hicho. Ndugu zetu wavuvi wa Ziwa Rukwa wanaweza kutumia uzi wa nailoni.

Ili nafasi za spoku zilingane, zungushia rimu ukanda wa karatasi, ukate panapokutana. Uugawe kwa rula sehemu 5 sawa. Kila sehemu igawe nusu, zitakuwa 10. Zigawe tena nusu, zitakuwa 20. Tena nusu, 40. Urudishe ukanda juu ya rimu, utie alama. Kitovu cha gurudumu kiwe kipande cha mrija wa kalamu. Spoku 20 ziende upande mmoja wa kitovu, na 20 upande wa pili. Usifanye haraka. Gurudumu moja laweza kukuchukua jioni mbili.

Fremu ni rahisi zaidi. Bomba la fremu lenye unene wa sentimita 3 linakuwa waya wa milimita 3. Upinde waya kwa plaizi ukiufuatisha na mchoro, kisha lehemu maungio. Simamisha fremu juu ya meza na uitazame kutoka mbele. Kama imepinda sasa, inyooshe sasa. Baada ya kupakwa rangi haitanyooka.

Injini ya zamani ilipozwa kwa upepo. Ndiyo maana silinda yake imezungukwa na mapezi ya chuma, ili joto litoke upesi. Kata visahani vyembamba vya bati kutoka katika kopo, na visahani vya karatasi ngumu vilivyo vidogo zaidi. Vipange kimoja cha bati, kimoja cha karatasi, mpaka kimo kitimie. Kwa pembeni utayaona mapezi yametokeza kama yale ya kweli. Hesabu mapezi ya pikipiki yenyewe, wala usibahatishe. Jihadhari na kopo, bati lililokatwa ni kali kama wembe. Piga kingo zake tupa kabla ya kulishika.

Tangi lichonge kwa mbao. Taa ya mbele yaweza kuwa kifuniko cha dawa ya meno, kama kipimo kinakubali. Mnyororo uwe mkufu mwembamba uliokatika. Nyaya za breki ni uzi mweusi. Pikipiki ya jeshi ilipakwa rangi ya kaki, basi nawe paka hivyo, kidogo kidogo, mara mbili au tatu, ukiacha kila safu ikauke.

FUMBO LA HESABU

Kabla hatujaagana, nina fumbo. Tuseme tangi la pikipiki ya kweli lajaa kwa lita 10 za petroli. Tangi la mfano, kama lingekuwa wazi ndani, lingejaa kwa kiasi gani?

Wengi watasema lita moja, maana 10 gawanya kwa 10 ni 1. Sivyo. Tumepunguza urefu mara 10. Tumepunguza upana mara 10. Na kimo pia tumekipunguza mara 10. Kumi mara kumi ni mia, na mia mara kumi ni elfu. Basi tangi la mfano limepungua mara elfu moja. Lita 10 zinakuwa mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai tu!

Hesabu hiyo si ya pikipiki peke yake. Ukijenga ghala ambalo urefu, upana na kimo chake vyote ni mara mbili ya ghala la zamani, litabeba mahindi mara nane. Anayelijua hilo hatadanganywa na mjenzi wala na mnunuzi.

KADI YA MFANO

Kazi haijakwisha mpaka uandike kadi na kuiweka kando ya mfano. Andika hivi:

"BSA M20. Ilitengenezwa Birmingham, Uingereza. Silinda moja, sentimita za ujazo 496. Skeli 1:10."

Chini yake andika jina la mwenye pikipiki, kama ameruhusu, jina la kijiji, jina lako wewe uliyepima, na tarehe. Mfano bila kadi ni kama mtu aliye bubu. Wajukuu watauona, lakini hautawaambia neno.

Wale mafundi wa malungu walikuwa na akili na mikono kutupita sisi, lakini hawakuwa na rula wala penseli za kutuachia vipimo. Ninyi mnazo. Mwaka jana baadhi yenu mlitia sahihi kwa dole gumba. Leo mwaweza kuandika milimita 137 na kujua maana yake.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kichezeo na mfano hutofautianaje?
2. Kamba imezunguka gurudumu la baiskeli na urefu wake ni sentimita 220. Kipenyo chake ni sentimita ngapi?
3. Katika skeli ya 1:10, usukani wenye upana wa sentimita 70 utakuwa milimita ngapi?
4. Ni kitu gani cha zamani kijijini kwenu, kama vile kinu, mzinga wa nyuki au baiskeli ya kale, ambacho kitatoweka bila kupimwa? Nani atakipima, na lini?

Swali la nne lisijibiwe kwa maneno tu. Msimamizi aandike jina la mtu na siku.